Dakika Isiyoandikwa: Moyo, Presha na Mpira wa Kupumulia

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Tabora mbele ya wahudumu wa afya, walimu, wanafunzi na wananchi. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.

   

Nitazungumzia kazi ambayo mgonjwa haioni. Mgonjwa anamkumbuka daktari aliyempasua, anamkumbuka muuguzi aliyemfunga bandeji, lakini aliyemlaza na kumwamsha humsahau, kwa sababu walikutana kwa dakika chache tu kabla ya nusukaputi. Katika kazi hiyo nimechagua kona moja: ule muda mfupi ambao mtaalamu wa usingizi anapitisha mpira wa kupumulia kwenye koo la mgonjwa aliyelala.

Nia yangu ni kuwaonyesha mambo matatu, kwa hoja tano. Kwamba muda huo unautikisa moyo na mishipa ya damu, na kwa wagonjwa fulani mtikisiko huo ni hatari. Kwamba kifaa tunachotumia kina mchango wake, ila mchango huo ni mdogo kuliko matangazo ya watengenezaji yanavyotuaminisha. Na kwamba katika hospitali zilizopangana kwenye njia hii ya kale ya misafara, kutoka hapa hadi Kigoma, kazi ya kuanza nayo ni kuupima muda huo. Anayetaka kuuliza asisubiri mwisho, anyooshe mkono.

Daktari wa Urambo

Hapa tulipo palikuwa njia panda ya misafara. Mizigo ilipanda kutoka Bagamoyo hadi hapa Unyanyembe, kisha njia ikagawanyika, moja kuelekea Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani hapa Tabora, Novemba 1857 walikuwa wametumia siku 134 kutoka pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea njia hiyohiyo na mzigo wa kilo 30 au zaidi begani, na aliyeumia njiani, iwe kwa risasi, kwa mshale au kwa donda la mguu, alitegemea mikono ya wenzake na dawa za miti.

Mwaka 1879 alifika Urambo, kwa Mtemi Mirambo, daktari wa London Missionary Society aliyeitwa Ebenezer Southon. Aliishi pale na kutibu watu kwa muda wa miaka mitatu hivi. Katikati ya mwaka 1882 alipigwa risasi ya mkono kwa bahati mbaya. Daktari wa eneo lote alikuwa yeye, na sasa mgonjwa alikuwa yeye. Mmisionari mwingine aliyekuwa Uyui, Copplestone, ambaye hakuwa daktari, ndiye aliyeukata mkono ule. Southon alifariki Julai mwaka huohuo.

Namtaja kwa sababu ya tarehe. Miaka minne kabla yake, Julai 1878, mpasuaji William Macewen wa Glasgow alikuwa ameingiza bomba la chuma kupitia mdomoni hadi kwenye njia ya hewa ya mgonjwa mwenye uvimbe mdomoni, akiongozwa na kidole chake tu, halafu akampa klorofomu kupitia bomba hilo. Ujuzi tunaouzungumzia leo ulikuwa umekwisha kuzaliwa duniani siku Southon anakatwa mkono, ila haukuwa umefika Urambo. Umbali kati ya mahali ujuzi ulipo na mahali mgonjwa alipo ndio unaonisumbua hadi leo, ingawa siku hizi kuna reli, kuna lami na kuna simu.

Hoja ya kwanza: mwili uliolala bado unashtuka

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa akishalala usingizi wa dawa, mwili wake wote umezimwa. Historia ilitufundisha vingine mapema sana. Tarehe 28 Januari 1848, kaskazini mwa Uingereza, msichana wa miaka 15 aliyeitwa Hannah Greener alipewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa mguu, akafa mezani. Watu walibishana kwa miaka mingi juu ya sababu. Mwaka 1911 Goodman Levy alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba klorofomu ikiwa nyepesi, yaani mgonjwa akiwa hajazama vizuri usingizini, kisha adrenalini ikamwagika mwilini, moyo unaweza kuanza kutetemeka ovyo na kusimama. Hofu na maumivu vinaimwaga adrenalini hata kwa mtu ambaye macho yake yamefumba.

Sasa niwapeleke chumba cha upasuaji. Mgonjwa amelala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo kwa mto mdogo, kidevu kimeelekea juu. Amevutishwa oksijeni safi kwa dakika kama tatu. Dawa ya usingizi imeingia kwenye mshipa, ikafuatiwa na dawa ya kulegeza misuli. Mtaalamu anashika laringoskopu kwa mkono wa kushoto. Ni mpini wenye betri, ukiwa na ulimi wa chuma uliopinda na taa ndogo. Anauingiza kupitia pembe ya kulia ya mdomo, anausukuma ulimi wa mgonjwa upande wa kushoto, anateremka hadi ncha ya chuma iingie kwenye kibonde kilicho mbele ya kidakatonge. Hapo anainua kwenda mbele na juu, bila kuegemea meno. Kidakatonge kinainuka, na nyuma yake zinaonekana nyuzi mbili za sauti, nyeupe, zimeachana. Kati ya hizo anapitisha mpira: namba 7 kwa kawaida kwa mwanamke, 7.5 au 8 kwa mwanaume. Anajaza upepo kwenye kiputo cha mpira, anasikiliza kifua upande huu na upande huu.

Kwa mkono uliozoea, yote hayo huchukua sekunde chache. Lakini eneo lililoguswa na chuma kile, yaani shina la ulimi, koromeo na zoloto, limejaa miisho ya mishipa ya fahamu. Taarifa zinapanda kwa mishipa ya fahamu ya 9 na ya 10 hadi kwenye shina la ubongo, na jibu linashuka mara moja kwa njia ya mfumo wa fahamu ule unaotuandaa kupigana au kukimbia. Mishipa ya damu inabana, tezi zilizo juu ya figo zinaongeza adrenalini, moyo unapiga haraka na kwa nguvu. Mpagazi aliyevamiwa na wapiganaji wa rugaruga porini alikuwa na mapigo ya namna hiyohiyo, na mwili uliolala hauna namna ya kujua kwamba safari hii aliyekuja ni tabibu.

Mwaka 1951 King na wenzake nchini Marekani walilieleza jambo hili kwa vipimo, na tangu hapo limepimwa maelfu ya mara. Bila kinga yoyote, presha inaweza kupanda kwa asilimia 40 hadi 50 na mapigo ya moyo kwa asilimia 20 hivi. Inaanza ndani ya sekunde chache, inafika kileleni ndani ya dakika moja au mbili, na kwa kawaida inakuwa imetulia ndani ya dakika tano hivi.

Kuna uchunguzi mmoja ninaoupenda kwa sababu uliuliza swali rahisi: kinachoushtua mwili ni nini hasa, chuma au mpira? Mwaka 1987 Shribman, Smith na Achola waliwagawa wagonjwa wao makundi mawili. Kundi moja liliangaliwa koo kwa laringoskopu bila kuingizwa mpira, kundi lingine liliangaliwa na kuingizwa. Presha na homoni za mshtuko zilipanda kwa makundi yote mawili. Mapigo ya moyo ndiyo yaliyoongezeka waziwazi kwa wale walioingizwa mpira. Kwa hiyo kule kuangalia koo peke yake, kabla mpira haujagusa kitu, kumekwisha kuipandisha presha. Naomba mlishike jambo hili, nitalihitaji nikifika kwenye vifaa.

Hoja ya pili: si kila moyo unaupita mtikisiko huu

Kijana wa miaka 20 aliyevunjika mguu kwa bodaboda, mwenye mishipa laini na moyo imara, atapandisha presha yake kutoka 120 hadi 170, itashuka, na hatapata madhara yoyote. Kwake sina hofu.

Hofu yangu ni kwa makundi mengine. Mwaka 1971 Prys-Roberts na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba wagonjwa wenye presha ya kupanda hutikisika zaidi pande zote mbili: dawa ya usingizi inapoingia presha yao huporomoka sana, na mpira unapoingia hupaa sana. Mwenye mishipa ya moyo iliyoziba kwa sehemu ana tatizo jingine. Misuli ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mapigo yakienda mbio, mapumziko hayo yanafupishwa, moyo unafanya kazi zaidi huku ukipewa damu kidogo. Aliyeumia kichwa, ambaye ubongo wake umevimba, hana nafasi ya kupokea presha zaidi ndani ya fuvu.

Watoto wachanga wana mwenendo wao. Kwao koo likiguswa mapigo yanaweza kushuka badala ya kupanda, na mtoa usingizi hujiandaa na atropini. Hilo nalipita, linahitaji mhadhara wake.

Nataka nikae kwa mama mjamzito. Chukueni mfano wa mama wa miaka 34 aliyeletwa usiku kutoka Ulyankulu, mimba ya nane, uso na miguu imevimba, kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli, presha 180 kwa 115. Hiyo ni hatua kali inayotangulia kifafa cha mimba. Mpaka wa hatari ni 160 kwa 110, naye ameuvuka. Daktari ameamua mtoto atolewe sasa hivi kwa upasuaji. Tukimlaza na kumwingiza mpira bila kinga, ile asilimia 40 inaongezwa juu ya 180. Pigeni hesabu: inazidi 250. Mishipa midogo ya ubongo wake, ambayo tayari ni dhaifu kwa ugonjwa, inaweza kupasuka. Mama anatoka chumba cha upasuaji akiwa na mtoto hai na kiharusi, au hatoki kabisa.

Uchunguzi mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliohusisha nchi 22 na kuchapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba akina mama 5 katika kila 1,000 waliojifungua kwa upasuaji walifariki, mara 50 zaidi ya nchi tajiri. Sababu ni nyingi, kuvuja damu kukiwa mbele, na matatizo ya usingizi yamo pia. Nchini kwetu tumepiga hatua ya kujivunia: taarifa ya kitaifa ya mwaka 2022 ilionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika taarifa ya 2015 na 2016. Vifo vinavyobaki ndivyo vigumu zaidi kuzuia, na baadhi yake viko ndani ya dakika ninayoizungumzia.

Kwa ninyi msio wahudumu wa afya, nina ombi. Mkipelekwa kwa upasuaji, semeni kama mna presha, hata kama mliambiwa mara moja tu miaka mitano iliyopita. Tajeni kila dawa mnayomeza. Msiache dawa za presha kwa uamuzi wenu kwa kuwa mmeambiwa mfunge kula. Ulizeni ni ipi imezwe asubuhi ya upasuaji kwa maji kidogo na ipi isubiri. Mtu mzima anayemficha mtoa usingizi presha yake anamnyima kinga aliyokuwa apewe.

Hoja ya tatu: kifaa kina sehemu yake

Hapa ndipo wanafunzi wangu huwa na shauku zaidi, kwa sababu vifaa vinapendeza machoni.

Laringoskopu tunayoitumia zaidi ni ya Robert Macintosh, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa profesa wa kwanza wa usingizi pale Oxford. Aliitoa mwaka 1943. Miaka zaidi ya 80 imepita na bado iko kwenye sinia ya kila chumba cha upasuaji kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma. Macintosh huyohuyo alishiriki kutengeneza EMO, kile chombo cha etha kilichozihudumia hospitali nyingi za misheni barani Afrika, maana hakikuhitaji umeme wala mtungi wa oksijeni. Mwaka 1993 ilitoka laringoskopu ya McCoy, yenye ncha inayojikunja kwa kubonyeza mpini, hivyo kidakatonge kinainuka bila kuvuta ulimi mzima kwa nguvu. Ilipolinganishwa na ya Macintosh, mshtuko wa mwili ulikuwa mdogo zaidi. Hii inaafikiana na jibu la Shribman na wenzake: nguvu ya kuinua ndiyo inayoipandisha presha.

Hapo mtu angetarajia kwamba kifaa kisichoinua ulimi hata kidogo kitaondoa tatizo. Kipo: ni ule mrija mwembamba wenye kamera na nyuzi za mwanga, unaopita taratibu hadi kwenye njia ya hewa na kuuongoza mpira. Matokeo yalishangaza wengi. Presha ilipanda karibu sawa na kwa laringoskopu ya kawaida. Shughuli ya mrija huo huchukua muda mrefu zaidi, taya lazima livutwe mbele, na mwishowe mpira uleule unapita katikati ya nyuzi za sauti na kukwaruza njia ya hewa.

Laringoskopu za video zilifuata. GlideScope ilitoka Kanada mwaka 2001, na leo ziko za aina nyingi, nyingine bei yake imeshuka sana. Ni vifaa vizuri. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya tafiti zaidi ya 200, yalionyesha kwamba kwa video majaribio yanayoshindikana hupungua kwa watu wazima. Faida hiyo ni kubwa, na nitafurahi siku kila hospitali ya wilaya itakapokuwa nayo. Lakini kwa upande wa presha na mapigo, tafiti zinavutana: nyingine zinaona nafuu, nyingine hazioni tofauti yoyote. Mtaalamu anayeliona zoloto vizuri kwenye kioo anaweza kuhangaika nusu dakika kuuelekeza mpira uingie, na sekunde hizo zote mwili unajibu.

Kifaa kilichobadilisha picha waziwazi ni barakoa ya koo. Archie Brain aliibuni London mwaka 1981. Ni bomba lenye kikombe laini mwishoni, linaloteleza juu ya ulimi na kukaa juu ya mlango wa zoloto. Haliingii kwenye njia ya hewa, wala halihitaji laringoskopu. Kwa hiyo chanzo cha kwanza cha mshtuko hakipo, na cha pili hakipo. Tafiti nyingi zimekubaliana kwamba presha hupanda kidogo na kwa muda mfupi ukilinganisha na mpira. Wakati wa kuitoa pia mgonjwa hakohoi na kukakamaa kama anavyofanya mpira unapotolewa. Aina mpya kama i-gel, iliyotoka mwaka 2007, hazina hata haja ya kujazwa upepo, na zina tundu la kutolea maji ya tumboni. Kwa mzee wa Sikonge mwenye presha anayekuja kurekebishwa ngiri au kukatwa kidonda cha mguu, tumbo lake likiwa tupu, barakoa hii ni chaguo ninalolipenda, na naona hatuitumii kiasi cha kutosha.

Ndugu zangu, lakini rudini kwa mama yule wa Ulyankulu. Yeye ndiye anayeihitaji zaidi huruma ya barakoa, na yeye ndiye asiyefaa kuwekewa kama chaguo la kwanza. Mimba imekandamiza tumbo lake, uchungu umechelewesha chakula, na pengine alikula ugali saa tatu kabla ya kuanza safari. Barakoa haiufungi umio. Akitapika usingizini, tindikali ya tumboni inaingia mapafuni. Mendelson aliieleza hatari hiyo kwa akina mama wajawazito mwaka 1946. Kwa hiyo mpira wenye kiputo unabaki kuwa ngao ya mapafu yake, na barakoa tunaiweka mezani kwa ajili ya dharura, mpira ukishindikana kabisa. Zoloto lake pia limevimba kama uso wake ulivyovimba. Mpira mwembamba zaidi unahitajika, namba 6.5 au 6, na majaribio machache iwezekanavyo.

Njia ya kulikwepa tatizo lote ni sindano ya mgongo. Ganzi inashuka kuanzia kifuani, mama anabaki macho, koo haliguswi kabisa. Pale ambapo damu yake inaganda vizuri, hana degedege, na hali ya mtoto inaruhusu dakika chache za maandalizi, hiyo ndiyo njia bora. Kuna ambao haiwafai: chembe sahani za damu zimeshuka mno, au fahamu zimepotea baada ya degedege. Hao ndio watakaoingizwa mpira, na ndio wagonjwa zaidi.

Hoja ya nne: sekunde 15 na chupa ya magnesiamu

Yaliyo mkononi mwetu leo, kabla ya kununua chochote, ni mengi.

La kwanza ni kina cha usingizi. Laringoskopu iingie pale mgonjwa amezama, si pale tunapoharakishwa. Uchaguzi wa dawa nao una maana. Ketamini imeokoa maisha mengi katika hospitali za vijijini, nami naiheshimu, ila yenyewe hupandisha presha; kumpa peke yake mama mwenye 180 kwa 115 ni kuongeza moto. Thiopentoni au propofoli kwa kipimo makini ni salama zaidi kwake.

La pili ni mkono wenye mazoezi. Stoelting alionyesha mwaka 1977 kwamba kuangalia koo kukiwa kwa muda mfupi, chini ya sekunde 15, presha haipandi sana. Sekunde 15 haziuzwi dukani. Zinapatikana kwa mazoezi kwenye mwanasesere wa kufundishia, kwa kupanga kichwa vizuri kabla ya kuanza, kwa kuhakikisha taa inawaka na mpira umechaguliwa, na kwa kukubali kutoa chuma na kuvutisha oksijeni tena badala ya kung'ang'ania.

La tatu ni dawa za kuupoza mshtuko. Lignokeini kwenye mshipa, miligramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito, dakika tatu hivi kabla, husaidia kwa kiasi. Fentanili husaidia zaidi, palipo na fentanili. Labetaloli au haidralazini hutangulia ili kuishusha presha kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji. Kuna dawa nyingine ambayo kila wodi ya wazazi nchini inayo tayari: magnesiamu salfeti. Tunaipenda kwa sababu inazuia degedege. Uchunguzi wa Magpie wa mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Wachache wanakumbuka kazi yake ya pili. Mwaka 1989 James na wenzake walionyesha kwamba magnesiamu ikitolewa kwenye mshipa kabla ya mpira, huzuia homoni za mshtuko zisimwagike. Mama aliyekwisha kupewa dozi yake wodini, kwa hiyo, anaingia na sehemu ya kinga. Wauguzi wa wodi na watoa usingizi waambiane saa na kiasi kilichotolewa, maana magnesiamu pia hurefusha nguvu ya dawa za kulegeza misuli, na mgonjwa anaweza kuchelewa kupumua mwenyewe.

Hoja ya tano: tunapima kila dakika tano jambo linaloisha katika dakika tano

Nimefika nilipokuwa nakuja tangu mwanzo. Karatasi ya usingizi ina mistari ya kila dakika tano. Huo ndio utaratibu wa kimataifa: presha ipimwe angalau kila dakika tano muda wote wa upasuaji. Utaratibu ni mzuri kwa saa nzima ya kazi, lakini tazameni unavyofanya kwa jambo letu.

Saa 4:00 usiku mashine inasoma 180 kwa 115. Dawa zinaingia. Saa 4:02 mpira umepita, presha inapaa. Mashine imelala, inasubiri zamu yake. Mtoa usingizi anafunga mpira kwa plasta, anasikiliza kifua, anarekebisha hewa. Saa 4:05 mkanda unajivimbisha na kusoma 165 kwa 100. Anaandika nukta, anaiunganisha na ya kwanza kwa mstari. Mstari unashuka kwa upole. Kesho yake mama akiamka na upande mmoja haufanyi kazi, jopo la madaktari litaichukua karatasi ile na kukuta usingizi ulikuwa shwari, na litatafuta sababu kwingine. Vikao vya kujadili vifo vya akina mama vinategemea karatasi. Kisichoandikwa hakijadiliwi, na kisichojadiliwa hakitengewi bajeti wala mafunzo.

Kurekebisha hilo ni kubonyeza kitufe. Mashine nyingi za presha za kisasa zinaweza kuwekwa zipime kila dakika moja. Palipo na mashine ya mkono, muuguzi mmoja asimame na kipimo masikioni kuanzia dawa inapoingia hadi dakika tano baada ya mpira. Namba sita ziandikwe: kabla ya dawa, baada ya mgonjwa kulala, kisha dakika ya 1, ya 2, ya 3 na ya 5 baada ya mpira au barakoa. Pembeni yake yaandikwe mambo matatu: kifaa kilichotumika, majaribio mangapi, sekunde ngapi.

Tunakoelekea

Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 3.3 katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 76,000. Madaktari bingwa wa usingizi nchini hawafiki mmoja kwa kila watu 100,000, wakati shirikisho lao la dunia linataka angalau watano. Usingizi wa ukanda huu unatolewa na wauguzi wa usingizi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo. Wenzetu wa Kigoma wametuonyesha kwamba inawezekana: vituo vya afya vya vijijini viliboreshwa, watumishi wa ngazi hiyo wakafundishwa, na upasuaji wa kujifungua ukafanyika mbali na mji. Watu haohao ndio watakaoishika dakika hii, na mapendekezo yangu nawalenga wao.

Napendekeza daftari moja la pamoja kwa hospitali za njia hii: Kitete hapa mjini, Nkinga, Ndala, Urambo, Kaliua, Sikonge, hadi Maweni Kigoma. Lianze kwa akina mama wenye presha na kwa watu wazima wenye presha, kwa mwaka mmoja. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ina kituo hapa Tabora. Tuombe ushauri wake wa taratibu na maadili tangu siku ya kwanza, ili namba zetu zikubalike popote. Wanafunzi wa vyuo vya afya mlioko hapa mnaweza kuzikusanya, na katika kuzikusanya mtajifunza zaidi ya nilivyowaeleza mchana huu. Mwaka ukiisha tutajua kwetu sisi, kwa vifaa vyetu na dawa zetu, presha inapanda kiasi gani, kwa nani, na kwa mkono wa sekunde ngapi. Hapo ndipo tutakapokwenda kwa Halmashauri na kwa Wizara tukisema: tunaomba barakoa kadhaa, fentanili kadhaa, wanasesere wawili wa mazoezi kwa kila wilaya, na hii hapa sababu, kwa namba za Tabora.

Nakala za karatasi yenye safu hizo sita ziko mlangoni, na wakuu wa vyumba vya upasuaji waliopo wachukue kabla ya kuondoka. Kikao cha kwanza cha kupanga daftari tungependa kifanyike kabla ya mvua za masika, barabara za Kaliua na Ulyankulu zikiwa bado zinapitika.  Sasa karibuni kwa maswali, na ningefurahi tukianza na wauguzi wa wodi ya wazazi.